Swali la Karwirwa

Mwaka ule Gredi ya Saba ilipoanza katika shule ya Mtakatifu Monika, juu kidogo ya Kanyakine, karatasi ya masomo ya hiari iligawiwa Jumatatu baada ya misa. Mwanafunzi achague moja: Kompyuta, Kifaransa, Uchoraji, Sayansi ya Nyumbani au Lugha ya Ishara. Wengi walikimbilia Kompyuta, ingawa shule ilikuwa na kompyuta nne na moja haikuwaka. Lugha ya Ishara ilipata watatu tu. Wawili walikuwa wamechelewa kurudisha karatasi, wakasukumwa penye nafasi. Wa tatu alikuwa Kiende, na yeye peke yake ndiye aliyeitaka.

Karwirwa, mama yake Kiende, alikuwa hasikii. Homa ya uti wa mgongo ilimpata akiwa na miaka minne, ikamwachia uhai na kumnyang'anya masikio. Siku hizo hakuna aliyewaza kumpeleka shule mtoto wa namna hiyo. Akakua, akaolewa na Muthamia, mpimaji wa majani kwenye kituo cha chai, akalima na kukamua kama wake wengine. Nyumbani walikuwa na ishara zao za kujitungia. Vidole viwili juu ya kichwa ni ng'ombe, ngumi mdomoni ni chai, vidole vinavyoshuka ni mvua. Zilitosha kwa kazi. Ila jambo lisiloonekana kwa macho halikuwa na ishara.

"Kompyuta ndiyo ina kazi siku hizi," Muthamia alisema alipoletewa karatasi. "Na mama yako si mnaelewana tayari?"

"Tunaelewana mambo ya maziwa, Baba."

Muthamia alimtazama binti yake. Kisha akaiweka karatasi juu ya goti, akatia sahihi.

Walifundishwa na Sista Wambeti, mtu wa Embu, aliyewahi kufundisha viziwi miaka tisa kabla ya kuletwa huku. Darasa lao lilikuwa chumba cha nyuma ya kanisa, mlimotundikwa kanzu za kwaya. "Msinitazame mikono peke yake," alikuwa akiwaambia. "Uso nao unasema. Mtu akikuuliza swali, utaliona kwanza kwenye nyusi."

Kila jioni Kiende alimpelekea mama yake alichojifunza mchana. Mwanzoni Karwirwa aliona haya, akacheka huku ameziba mdomo. Baadaye akashikwa na njaa ya maneno. Aliweza kumshika mtoto mkono asiende kulala mpaka ampe ishara nyingine moja. Akajifunza jana na kesho, akajifunza jina, akajifunza kwa nini. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyomwasha. Kwa nini kanisani watu husimama wote mara moja? Kwa nini jirani alihama? Miaka thelathini na minne ya maswali ilikuwa imelundikana ndani yake, na sasa mlango ulikuwa umefunguka.

Jumamosi moja ya muhula wa pili, walikuwa wamekaa nje ya jiko wakimenya ndizi za kuponda mukimo. Karwirwa aliweka kisu chini, akapangusa utomvu mikononi, akauliza polepole, ishara moja baada ya nyingine: mtoto wangu wa kwanza, nani alimchukua?

Kiende alidhani mama amekosea. Mtoto wa kwanza ni mimi, akamjibu.

Karwirwa alitikisa kichwa. Kabla yako. Mvulana. Nilimshika mara moja. Hospitalini nikalala, nikaamka, mtoto hayupo. Nikauliza. Baba yako akafanya hivi. Karwirwa akalaza shavu lake juu ya kiganja. Amelala. Nikangoja. Nikarudi nyumbani, nikangoja. Alipewa nani? Sasa ni mkubwa kukupita.

Kiende aliacha kumenya. Alikumbuka jinsi mama yake alivyokuwa akiwakodolea macho wavulana sokoni, na jinsi siku moja alivyomfuata mmoja mwenye sare ya shule mpaka yule mtoto akatoka mbio. Watu walicheka. Kiende mwenyewe alikuwa ameona aibu.

Alimkuta baba yake kwenye zizi. Aliposikia swali la mkewe, Muthamia aliketi juu ya gunia.

"Alikufa siku ya pili," alisema. "Mama yako alikuwa amepasuliwa, hajajitambua sawasawa. Mimi na nyanya yako tukamleta mtoto nyumbani, tukamzika. Mama yako aliporudi sikujua nimwambie vipi. Ningemwonyesha nini? Nikaweka mkono shavuni, nikadhani ameelewa. Baadaye nikaanza kuona labda hakuelewa, nikaogopa kujua."

"Mlimzika wapi?"

Muthamia alielekeza kidevu chini, kwenye kipande cha nyasi za nepia karibu na ua.

"Baba! Si pale mama hukata nyasi kila siku?"

"Najua," alisema.

Jumatatu Kiende alimweleza Sista Wambeti. "Hii si kazi ya mtoto," Sista alisema. "Nitakuja mwenyewe." Akaja kesho yake alasiri, akaketi mbele ya Karwirwa, akaanza kwa upole. Lakini mikono yake ilienda kasi, kama ya mtu aliyezoea wanafunzi waliosoma ishara miaka mingi. Karwirwa alipata ishara moja, akapotewa na tatu. Akageuza macho kumtafuta binti yake.

Basi ikawa ni Kiende. Mtoto, alisema kwa mikono. Mvulana. Siku ya pili, akafa. Ishara ya kufa walikuwa wamejifunza, lakini aliogopa isije ikaeleweka vibaya kama ile ya shavu na kiganja. Akamkumbusha ndama aliyewafia mwezi wa nne, alivyopoa, alivyofukiwa. Kama yule ndama, Mama. Hakuna aliyepewa.

Karwirwa alitazama mikono ile hata baada ya kutulia. Kisha akauliza: wapi?

Walimpeleka, Muthamia akiwa mbele. Nepia ilikuwa imekatwa asubuhi ile ile, kwa mundu wa Karwirwa mwenyewe, na vishina vilikuwa bado vibichi. Alipiga magoti, akavishika. Sauti iliyomtoka hakuna aliyewahi kuisikia. Majirani walitoka nyumbani kwao wakasimama kwenye ua.

Tangu siku hiyo hakuzungumza na mumewe. Alipika, alikamua, alifua, lakini Muthamia akisimama mbele yake na kuinua mkono, alifumba macho. Na kiziwi akifumba macho, huna pa kubisha hodi. Nyasi za ng'ombe alizifuata kando ya barabara, mbali. Muthamia aling'oa ile nepia yote, asipande kitu. Padre alikuja akabariki mahali pale, Sista na Kiende wakimfasiria Karwirwa. Walipouliza jina, Karwirwa aligusa kidevu chake kwa ncha ya kidole, upande wa kushoto. Mtoto alikuwa na alama hapo. Ndilo likawa jina lake, na hakuna awezaye kuliandika.

Muhula wa tatu ulipokwisha, shule ilitangaza kuwa Lugha ya Ishara imefungwa kwa kukosa wanafunzi. Sista Wambeti alihamishiwa Timau. Kiende akaandikwa Sayansi ya Nyumbani.

Desemba, likizoni, Muthamia alimwita binti yake nyuma ya zizi. "Nifundishe kuomba msamaha," alisema, bila kumtazama.

Alifanya mazoezi siku nne, vidole vyake vigumu kwa kubeba mizani ya chai. Siku ya tano alimkuta Karwirwa akichambua maharagwe. Akachuchumaa, akaanza. Kiende, aliyekuwa mlangoni, aliona baba yake amekosea tangu ishara ya kwanza.

Karwirwa hakufumba macho. Alimwacha amalize. Kisha akanyoosha mkono, akashika vidole vya mumewe, akavikunja mahali panapostahili, kimoja kimoja, bila kutabasamu. Halafu akaurudia ungo wake. Muthamia akabaki pale chini, akiirudia ishara ile.