Goti la Obiageli

Mwatumu aliteremsha kioo cha gari kabla hawajatoka mjini Mesquite. Ukali wa dawa ya kuchua ulimwingia machoni.

"Dada, umejipaka kopo zima?"

"Nusu tu," alisema Obiageli, akizungusha bandeji gotini. "Home tunapaka hivi. Likipata moto, linatembea."

Kiswahili chake alikiokota ghalani, kwa wanawake wa Kongo na Tanzania aliopanga nao samani, Mwatumu akiwa mmoja wao. Kabla ya hapo alikuwa beki wa timu ya taifa ya Nigeria. Ufadhili wa chuo ulimleta Texas, ukaisha, akabaki na mpira wa Jumapili na mgongo unaouma. Mwezi uliopita kabati lilimwangukia gotini. Msimamizi wao, Otieno, alimvuta pembeni.

"Uki-go clinic wata-report accident, na hiyo itatumaliza sisi wote. Pumzika kidogo, utakuwa poa."

Kupumzika kwenyewe kulikuwa ile nusu saa ya chakula. Goti halikuguswa na daktari, na bima ya afya aliisikia kwa wenzake tu.

Leo kocha wa timu ya taifa ya Nigeria alikuwa Houston kuwatazama wachezaji walioko Marekani. Nafasi ya beki wa kati ilibaki moja. Obiageli aliitaka hadi usingizi ukamkimbia, na wenye umri wake walikwisha kuitwa mashangazi.

Wachezaji hao walicheza na timu ya chuo kimoja cha pale. Joto la Houston lilikuwa la kuchemsha maharage, lakini kipindi cha kwanza Obiageli alitawala. Aliwapandisha mabeki wenzake, washambuliaji wakanaswa wameotea, wakabaki kumlaumu mshika kibendera. Kisha akagongana na mmoja wao, wote wakaanguka.

Daktari wa timu ya taifa alikimbia kumtazama yule mshambuliaji. Alipopiga magoti alinusa, akamgeukia Obiageli.

"Dawa hii bibi yangu alimpaka mtu asiyeweza kusimama," alisema kwa Kiigbo, taratibu. Akabonyeza juu ya bandeji. Obiageli aliuma meno, machozi yakamsaliti.

"Nani amekutibu?"

"Hakuna. Ni mwezi sasa."

"Mwezi mzima? Kwa nini?"

"Nilikuwa kazini."

Daktari aliondoa mkono gotini, akampungia kocha amtoe. Obiageli alimchukia, na alijua daktari hana kosa.

Badala yake aliingia msichana wa miaka kumi na tisa, ana mbio lakini hajui asimame wapi. Mara mbili nusura wafungwe. Obiageli alinyanyuka kutoka benchi kwa mguu mmoja.

"Push up! Sasa! Mkono juu!"

Msichana alitii, akawapandisha mabeki mbele na kuinua mkono. Mshambuliaji akaotea. Wakarudia, akaotea tena.

"Nyamaza, dada," Mwatumu alimnong'oneza kutoka nyuma ya benchi. "Unampakulia mwenzio chakula chako."

"Wakifungwa, mimi nitapona?"

Kocha, macho yakiwa uwanjani, alimwinamia msaidizi wake. "Huyu mtoto anajua kupanga mstari. Jina lake nani? Tunamchukua."

Mwatumu alifungua mdomo kumsahihisha. Obiageli alimfinya mkono, naye akaufunga mdomo. Mpira ulikuwa unarudi upande wao, na msichana aligeuza shingo kumtafuta.

"Push up!" Obiageli akapaza sauti.