Asiyekuwepo Ndiye Katibu

Mkutano mkuu wa mwaka wa kamati ya ukumbi na maonyesho ya kilimo pale Tarrabindi, mji wetu mdogo wa wafugaji, haukosi watu. Mgeni akipita Jumapili ile, akaona magari yamejaa mpaka kwenye uwanja wa tenisi, atadhani sisi tunapenda mikutano. Thubutu. Watu wanakuja kwa woga. Ukibaki nyumbani na miguu yako juu ya kiti, jioni utapigiwa simu kupewa hongera, wewe ndiye msimamizi wa vyoo mwaka mzima.

Ndivyo tulivyo. Kazi ikitajwa, aliyepo ukumbini anaweza kuangalia viatu vyake akanyamaza, na hakuna atakayemlaumu. Lakini asiyekuwepo hana mdomo wa kukataa. Akishapendekezwa na kuungwa mkono, imekwisha hiyo. Tangu ukumbi ujengwe hajatokea mtu wa kurudi ndani akasema sitaki. Merv Slattery alitoka mara moja tu kufunga vioo vya gari lake kwa kuwa mvua ilianza kudondoka. Aliporudi akakuta yeye ni mkuu wa mashindano ya kuku, na Merv kuku anawaogopa mpaka leo. Akameza. Ndiyo maana siku ya mkutano watu wazima wanaacha chai tangu asubuhi, hata baridi iwe kali vipi, na choo cha ukumbi kinashinda kitupu.

Noreen Tuckett alifika mapema akachagua kiti cha katikati kabisa, mbali na milango yote miwili. Alikuwa katibu wa kamati tangu hana mvi hata moja, na sasa kichwa chote kilikuwa cheupe. Yeye ndiye aliyepanga nani achome soseji na nani akate vitunguu, nani apande miti kando ya kijito, nani awaokee skonzi vijana wa zimamoto wakati wa kiangazi. Mtu akitaka kujitolea na hajui aanzie wapi, anaambiwa kamuulize Noreen. Na yule asiyetaka kujitolea, Noreen alimfuata mwenyewe mpaka zizini.

Mwaka huu alikuwa na azma moja tu, kutoka mle ndani si katibu. Binti yake Kirsty, aliyeolewa huko Darwin, upande wa pili wa nchi, alikuwa na mimba yake ya kwanza, na mtoto alitarajiwa wiki ileile ya maonyesho. Katibu hawezi kuikosa wiki ya maonyesho. Noreen alishayakosa mahafali ya Kirsty kwa sababu fahali wa watu alivunja uzio wa uwanja. Siku Kirsty anahamia Darwin, yeye alikuwa juu ya ngazi akifuta madirisha ya ukumbi. Safari hii Kirsty alimwambia kwenye simu, bila kufoka, "Mama, sikuombi tena. Ukija nitafurahi. Usipokuja nitaelewa, nimeshazoea."

Hilo la nimeshazoea ndilo lililomuuma Noreen. Tiketi ya ndege aliikata siku hiyohiyo.

Tatizo lilikuwa Clive Haberfield, mwenyekiti. Clive ni mfugaji wa kondoo, mtu mzuri, ana tabasamu pana na ujanja mwingi kuliko kondoo wake wote. Alijua kwamba Noreen akiondoka kazi zote zitamwangukia yeye, na alikuwa amejipanga. Mkutano haujafika mbali, mkewe Glenys akachungulia kutoka jikoni.

"Noreen, umeacha taa za gari zinawaka."

"Acha ziwake."

Baada ya muda kidogo Glenys akarudi. "Noreen, birika kubwa linavuja. Wewe ndiye unayelijua."

"Weka ndoo chini."

Watu wakacheka. Noreen akakunja mikono kifuani. Clive hakukata tamaa. Akaja mwenyewe na buli la chai, akammiminia kikombe, naye akajimiminia chake ili isionekane ni hila. Noreen alilelewa na mama ambaye kuacha chai ya kukaribishwa ni dhambi. Akanywa. Clive akamwongezea, akajiongezea na yeye. Walipofika kwenye habari ya miti ya kijitoni, Noreen alikuwa amebana magoti anatazama saa ya ukutani.

"Vipi, Noreen, uko sawa?" Clive akauliza kwa huruma kubwa.

"Sijapata kuwa sawa kama leo, Clive. Endelea."

Karibu na mlango alikaa Jincy Kurian, nesi wa nyumba ya wazee, aliyehamia Tarrabindi na mumewe kutoka Kerala mwanzoni mwa mwaka. Alikuwa amempakata mwanawe Aleena. Asubuhi ya siku hiyo, kwenye usafi wa ukumbi, alikuja na glavu zake za kazi, lakini watu wakamwambia wewe mgeni bwana, pumzika, wakampa soseji kwenye mkate na kiti cha juani. Desturi ya mkutano hakuna aliyemweleza.

"Haya," Clive akasema, "tumefika kwenye katibu."

Ukumbi wote ukaangalia viatu. Wakati uleule Aleena akaanza kulia. Jincy akambembeleza, wapi, mtoto akazidisha. Basi akainua mkono kuomba radhi, akatoka naye barazani, mlango ukajifunga nyuma yake.

Macho yote yakaenda mlangoni. Hata Merv akanyanyua kichwa.

"Nampendekeza yule nesi," Glenys akasema upesi. "Anaitwa nani vile?"

"Nani anaunga mkono?" Clive akauliza, na mikono ikaanza kupanda.

Noreen akaihesabu mikono ile. Amepona. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu, na kunyamaza hakugharimu kitu. Tayari alijiona yuko Darwin, kwenye joto lake, na kitu kidogo chekundu kimelala kifuani pake. Lakini ukuta wa ukumbi ni wa mbao nyembamba, na kupitia mbao zile alimsikia Jincy akimwimbia mtoto polepole kwa lugha ya kwao. Noreen akalijua lile baraza. Alishakaa pale, kwenye benchi lilelile, mgeni wa mji asiye na hata rafiki mmoja, amefungua vifungo vya blauzi anamnyonyesha Kirsty. Aliporudi ndani alikuta watu wanampigia makofi. Alicheka siku ile, ungefanyaje tena? Lakini hakuna aliyemuuliza, na Kirsty akakulia kwenye pembe za mikutano.

Akasimama. "Ngojeni kwanza."

"Kaa chini, dada, umeshapona," Merv akamnong'oneza akimvuta sweta.

"Jina lake hamlijui," Noreen akasema, "na mnampa kazi yangu. Ametoka kunyamazisha mtoto, nyie mnanyoosha mikono. Muulizeni akiwa hapa."

"Utaratibu ni utaratibu, Noreen."

"Utaratibu huo ulinikuta mimi palepale nje, Clive. Sitamfanyia mwenzangu."

Clive akakuna kidevu. "Sawa, tumuulize. Ila akikataa yeye, inabaki kwako. Tumeelewana?"

"Tumeelewana," Noreen akasema, na neno lilipotoka tu akajuta. Mama mwenye mtoto mchanga na zamu za usiku, akubali balaa lile kwa lipi? Akakaa, akiwaza atamwambia nini Kirsty. Alijiona mjinga, na bado hakuona namna nyingine.

Jincy akarudi na mtoto amelala begani. Alipoona watu wote wanamtazama akasimama mlangoni. "Nimekosea kitu?"

"Wewe hujakosea," Noreen akamwambia. Angeweza kuipamba kazi, lakini hakuipamba. "Tuna mchezo wetu wa hovyo. Anayetoka nje ndiye anayechaguliwa. Walitaka wakufanye katibu. Kazi ni nyingi, shukrani ni chache, na watu watakupigia simu unaoga. Una haki ya kukataa, na hakuna atakayekununia. Nitahakikisha."

Jincy akafikiri. "Katibu ndiye anayepanga nani afanye nini?"

"Ndiye."

"Na anayetaka kusaidia anakwenda kwake?"

"Anakwenda kwake."

"Anti Noreen," Jincy akasema, na sauti ikamkwama kidogo, "tangu nihamie hapa nimekuja na jembe, nimekuja na keki, leo nimekuja na glavu. Kila nikifika naambiwa kaa, pumzika, kula soseji. Mimi soseji zimenitoka puani. Nilifikiri hamnitaki." Akamweka mtoto vizuri begani. "Kule kwetu sikukuu ya parokia nilikuwa naipanga mimi, watu wanajaa mpaka barabarani. Hii kazi naitaka."

Safari hii watu waliangalia viatu kwa aibu. Kisha Merv akaanza kupiga makofi, wengine wakafuata, Aleena akaamka, akalia tena, na hakuna aliyejali.

"Nitakuwa nakupigia simu kukuuliza," Jincy akamwambia Noreen katikati ya kelele zile.

"Nipigie. Nitakuwa Darwin, lakini nipigie."

"Imebaki nafasi moja," Jincy akasema, akisoma karatasi iliyokuwa mezani. "Msimamizi wa vyoo. Mwenyekiti anasemaje?"

Mwenyekiti hakusema kitu. Kiti chake kilikuwa kitupu. Clive alikuwa amekunywa chai kikombe kwa kikombe na Noreen, na makofi yalipoanza akaona hatari imepita, akachomoka kwa mlango wa jikoni. Katika ule ukimya, kutoka nyuma ya ukumbi, wote wakasikia maji ya choo yakivutwa.

Merv akasimama wima. Alikuwa ameingoja siku hii tangu enzi za kuku. "Nampendekeza Clive Haberfield."

"Naunga mkono," akasema Glenys, mkewe wa ndoa.

Noreen alinyoosha mkono pamoja na wengine, akicheka mpaka machozi. Halafu, mkutano ukiwa bado unaendelea, akainuka, akapita katikati ya viti, akafungua mlango akatoka. Kwenye kona alikutana na Clive anajifunga mkanda.

"Hongera," akamwambia, akampita mbio kuelekea choo kilekile.

Baadaye akakaa kwenye benchi la barazani akapiga simu. Kirsty alipokea upesi.

"Mama? Mkutano umeisha?"

"Bado wanaendelea. Nimetoka tu nje."

Kirsty alilelewa kwenye ukumbi ule na anajua maana ya kutoka nje. "Mama, rudi ndani haraka. Watakuchagua."

"Hakuna kilichobaki cha kunichagulia, mwanangu. Nakuja."

Kirsty akaanza kulia kule Darwin, na Noreen naye akalia huku barazani, simu kaibana sikioni. Ndani watu walikuwa wanavuta viti na kubishana habari za skonzi. Alikaa pale mpaka baridi ikamwingia, na hakuna aliyetoka kumwita.