Nicanor Alikataa Mpako

Mimi Nereah, mama yake Austine, nilikuwa mwenyekiti wa Jumuiya ya Mtakatifu Monika, upande wa Kibera unaopakana na Ayany, na sikuona haya kumsukuma mtu mbinguni ikibidi. Walevi niliwatoa kitandani Jumapili. Waliokaa bila ndoa niliwaandikisha kwa Padre kabla hawajakubali. Kwa hiyo mwaka wa tisini na sita, mdogo wangu Nicanor alipokonda hadi blanketi likamlemea, nilimwita Padre Muigai aje na mafuta ya wagonjwa. Mgonjwa mwenyewe sikumwuliza.

Padre alipiga magoti kando ya kitanda. "Nicanor, unataka kuungama na kupakwa mafuta?"

"Anataka, Padre," nikasema.

"Nimemwuliza yeye, mama."

Nicanor akafungua macho. "Sitaki."

Wanajumuiya niliowakusanya chumbani waliacha rozari katikati. Nilimwambia Padre hiyo ni homa inaongea, ampake tu, Mungu ataelewa. Padre akafunga kichupa chake. "Mungu mwenyewe anapiga hodi, Nereah. Wewe unataka nivunje mlango?" Akaahidi kurudi wakati wowote akiitwa, akaenda zake.

Nilibaki nikichemka. Watu wangapi mtaani walikufa mwaka huo wakimlilia padre asifike kwa wakati, na huyu kaletewa hadi kitandani anaringa! Jumuiya ilipotawanyika nikamwuliza kama anataka kufa hivyo hivyo, aniachie aibu, na yeye apate jehanamu.

"Nikiungama, Padre ataniondolea dhambi," akasema, akipumua kwa shida. "Halafu Sella atabaki na mzigo wa lawama huko Gatina, peke yake. Hiyo si haki."

Sella alikuwa mke wake wa ndoa ya kanisani, Mbukusu aliyeolewa kwetu Wajaluo. Mtoto wao alipokufa, na Nicanor akaanza kuumwa, ni mimi niliyesema ni chira, ile laana inayokausha nyumba ya mtu aliyevunja mwiko. Nilikumbuka kwamba Sella, tulipokuwa nyumbani, alipanda mahindi kabla ya mama mkwe wake. Naam, mwenyekiti wa jumuiya, rozari shingoni, nikapeleka habari za chira kwa wazee wa ukoo! Wakamfukuza. Nicanor alinyamaza.

"Ugonjwa nilileta mimi," akaniambia sasa. "Nilipimwa damu kabla mtoto hajazaliwa. Nilijua. Nikawaacha mseme ni mahindi."

Nilitamani kumzaba kofi, Mungu anisamehe, mtu wa mifupa mitupu. Kisha nikalia, kwa sababu ile hadithi ya mahindi hakuitunga yeye.

"Enda umwambie Sella," akasema. "Asipotaka kunisamehe, ni sawa. Lakini ajue nimesema."

Kesho yake asubuhi nilikwenda Kawangware kwa miguu. Sella alikuwa anafua nguo za watu nyuma ya ploti alipopanga chumba, upande wa Gatina, povu hadi viwikoni. Hakunikaribisha. Nilimweleza nikiwa nimesimama, kwanza ya Nicanor, kisha yangu, kwamba habari za mahindi nilizipeleka mimi kwa wazee.

Alikamua shati, akalianika, ndipo akanigeukia. "Nilijua si mahindi. Hospitali waliniambia. Na mimi ninao huo ugonjwa. Lakini nani kwenu angenisikiza?"

"Basi twende ukamwambie umemsamehe, akubali kupakwa." Hata hapo bado nilikuwa naburuta mtu!

"Siwezi kusema kitu haiko. Sijamsamehe. Na wewe pia, Mama Austine, bado. Mwambie hivyo hivyo."

Nilirudi Kibera nikijiona nampelekea ndugu yangu hukumu. Nilifikiria kudanganya. Sikuweza, nilikuwa nimechoka na uongo. Nicanor alisikiliza neno kwa neno, akacheka mpaka akakohoa.

"Huyo ni Sella. Hajui kupaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa," akasema. "Amejua nimesema. Sasa niitie Padre. Nataka."

Aliungama karibu saa nzima, sisi tukingoja nje kando ya mtaro. Akapakwa, akapokea Ekaristi. Ijumaa mchana alikufa, mkono wake mkononi mwangu.

Tulipotoka kumzika nyumbani nilikwenda tena Gatina, na safari hii sikutumwa na mtu. Nilimweleza Sella jinsi mumewe alivyokwenda. Alikalia ndoo, akafunika uso kwa leso, akamlilia kwa sauti hadi majirani wakachungulia.

"Mungu amemsamehe?" akaniuliza baadaye.

"Tunaamini hivyo."

"Sawa. Yeye ni Mungu, ana mbio. Mimi nitafika, lakini pole pole."

Nikavua viatu, nikainamia beseni, nikaanza kusuuza nguo. Hakunifukuza.