Kondoo Aliyefunga Mpaka

Siku wazee walipomzungusha kondoo, mume wangu Mothibi alikuwa hospitali ya Haydom anapasuliwa ngiri. Hilo sitawasamehe.

Ulikuwa mwaka ule mkoa wetu wa Manyara ulipokatwa kutoka Arusha. Ng'ombe walikufa hapa Gitting kama kuku wenye mdondo, na wazee wakasema ugonjwa unaingia kutoka nje, kijiji kifungwe. Sisi Wairaqw tunafunga hivi: kondoo anaongozwa kuzunguka mpaka wote, kisha anachinjwa pale alipoanzia, na baya haliingii tena. Kabla kondoo hajaondoka, mzee hupita kila mlango akiuliza, "Watu wako wote wamo?" Asiyekuwepo anasubiriwa, hata kama kaenda mnadani kulewa.

Mzee Akonaay alipofika kwangu nilikuwa mashineni nasaga mahindi. Binti yetu Glory ndiye aliyempokea.

"Babu, baba yuko hospitali. Bado hajaruhusiwa."

"Baba yako ni mgeni, mjukuu wangu. Ana kwao." Akapita, akaenda mlango wa jirani.

Ana kwao! Mtu aliyewatengenezea mashine zao miaka yote, akachimba nao makaburi ya watu wao. Wageni wenzake hupewa jembe siku ya tatu, yeye walimpa siku ya kwanza. Leo ndiyo wanakumbuka kwamba ni mgeni!

Huko kwao nakujua kwa kusimuliwa. Mothibi alizaliwa kando ya Johannesburg. Serikali ya Wazungu ikawatangazia watu weusi kwamba wao si raia wa Afrika Kusini tena, kila kabila lina nchi yake, na ya akina Mothibi inaitwa Bophuthatswana. Alikuwa hajawahi kuikanyaga. Nchi yenyewe ilikuwa vipande vipande, kama shuka lililotafunwa na panya. Wakampakia kwenye lori na mama yake, wakawashusha kwenye uwanda mtupu. Nyumba hakukuwa na hata moja. Kulikuwa na vyoo vya bati tu, vimepangwa mistari mpaka macho yanapoishia. Dereva akawaambia, "Haya, kila mtu ana kwao." Mama yake alifia pale pale. Mothibi akatoroka, akafika Tanzania na wapigania uhuru, na baadaye akaja huku kwetu Hanang kutengeneza matrekta ya mashamba ya ngano. Ndiko alikonikuta. Ubaguzi ulipokwisha na zile nchi za bandia zikafutwa, nilimwuliza kama atarudi. Akasema, "Kwetu ni hapa, Mama Glory." Nililia siku ile, kwa furaha.

Siku chache baada ya kondoo kuchinjwa, basi la kutoka Haydom likamshusha Mothibi barabarani alasiri yenye ukungu. Nilimwona kutoka mlangoni kwangu: koti lake la kahawia, mfuko wa dawa mkononi, mkono mwingine umeshika tumbo. Akapanda njia yetu taratibu, akaufikia mti wa mringaringa ulio mpakani mwa kijiji.

"Mama Glory! Weka chai!"

Nikageuka kuchochea moto. Nilipotazama tena alikuwa chini ya njia, anapanda. Akaufikia mringaringa. "Mama Glory! Weka chai!" Sauti ile ile, yenye furaha ile ile. Kisha akawa chini tena. Mbwa wetu, ambaye humlaki mpaka barabarani, aliingia uvunguni mwa kitanda akakataa kutoka.

Nilimkimbilia Akonaay.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Mfungulie mume wangu."

Akanifuata hadi nyumbani, akasimama kando yangu. Tulimtazama Mothibi akipanda, akiita, akipanda tena.

"Tumekosea," alisema mzee. "Lakini mpaka ukishafungwa haufunguliwi hadi mvua za kwanza."

"Ana mshono tumboni, mzee. Kwenye baridi hii atalala wapi?"

"Mama Glory, nisikilize. Mpaka haujui nani ni nani. Aliye nje ni wa nje. Ukimfuata, hata wewe hutarudi."

Nilimtazama Glory. Ni msichana mkubwa, anajua kukamua na kupika, na mama yake mdogo Natalia yuko nyumba ya pili. Nikamwambia afunge ndama mapema. Alishika khanga yangu akakataa kuachia, nikaivua nikamwachia. Kisha nikashuka.

Mothibi alinipokea kwa kicheko. "Umekuja kunilaki!" Mkono wake ulikuwa wa moto, wa mtu aliye hai kabisa. Nikamwegemeza begani, tukapanda. Mringaringa. Mbele yake nyumba yetu, moshi wa jiko, Glory mlangoni. Tukatembea. Mringaringa. Tukatembea tena, mimi natukana, yeye kicheko kinamwishia. Mringaringa.

"Glory!" niliita. "Glory, tupo hapa!"

Alikinga macho kwa mkono akatazama upande wetu. Macho yake yalitupita, kama vile sasa hatuonekani tena. Akonaay akamsogelea, na maneno yake niliyasikia wazi, kama ananisemea sikioni.

"Usilie, mjukuu wangu. Mama yako amemfuata mumewe kwao."

Nikageuka nimtukane, na hapo nikaona ukungu umefunguka kule chini. Mahali penye shamba la maharage la Akonaay palikuwa na uwanda wa nyasi kavu nisioujua. Juu yake vilisimama vyoo vya bati, mstari baada ya mstari, milango yao ikigongagonga kwa upepo. Nyumba hakukuwa na hata moja.

Mothibi alivitambua. Kisha akanishika mkono na kuinamisha uso kwa aibu, kama mtu aliyefikiwa na mgeni kabla hajafagia.

"Karibu kwetu," alisema.