Mshono wa Shoto

Kitu cha kwanza msichana alichokiona ni mshono. Askari mmoja aliyetoka vitani alikuwa ameketi kwenye benchi la wateja, mguu mmoja peku, na buti lake lilikuwa mezani mbele ya Baba. Uzi wa pembeni mwa soli ulikuwa umelalia kushoto kama nyasi zilizopigwa na upepo. Msichana akaacha kupaka uzi nta, akautazama tu. Majirani walizoea kutania kwamba binti wa fundi viatu alizaliwa na kufuli mdomoni.

Aliyeshona hivyo alikuwa mmoja tu, kaka yake, ambaye kwa mkono wake wa kushoto kila mtu alimwita Shoto. Baba aliupiga vita mkono ule miaka mingi. Alisema mshono wake unatembea kilevi, akamfumulisha kiatu kizima aanze upya kwa mkono wa kulia. Shoto alikuwa akicheka tu. "Mradi mguu haulowi, Baba."

Kisha akaenda vitani bila ruhusa, akauawa vita vikikata roho, watu wa mjini wakiwa wameshaanza kupaka nyumba zao rangi kwa sherehe za amani. Tangu hapo Baba hakumtaja. Akiulizwa, alijibu kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, akaendelea kupiga nyundo.

"Soli imekwisha," Baba alimwambia askari. "Na aliyekushonea hili alikuwa anasinzia. Nafumua lote."

Askari akajikuna shingo. Akasema taratibu kwamba yule hakusinzia. Kabla ya kuvuka mto mara ya mwisho, mabuti ya kikosi yalikuwa yameachia soli. Jamaa akakaa kwenye matope, akayashona moja moja huku risasi zikipita, akitania kwamba wenye miguu inayonuka wasubiri mwisho. Walipoamriwa kurudi nyuma, majeruhi mmoja akasahaulika ng'ambo. Jamaa akamrudia. Majeruhi alifika salama, yeye akabaki majini.

"Majeruhi ni mimi, mzee," askari alisema. "Mwanao ndiye aliyenielekeza hapa. Nimekuja mara nyingi, nikawa naishia mlangoni."

Baba hakuinua uso. Kisu kilikuwa kimeshagusa uzi. Pengine alisikia, ila vidole vyake havikujua kazi nyingine ya kufanya.

Msichana akainuka, akaweka kiganja juu ya buti, mbele ya kisu.

"Toa mkono, mama, nitakukata."

Hakuutoa. Miguuni alikuwa amevaa viatu ambavyo Shoto alimshonea kwa siri, kwa mkono uleule uliokatazwa. Alikuwa amevivaa masika na kiangazi, na havijaachia hata tundu moja la sindano.

"Usiufumue, Baba," alisema. "Mshono wake unashika kuliko wako. Siku zote ulishika."