Kusogeza Mbingu na Nchi

Resiato alikuwa katika mwaka wake wa sita wa ukalimani, na uchovu wake haukuwa wa miguu. Ulikuwa wa maneno. Tangu asubuhi, ndani ya darasa la shule ya kijiji kimoja cha wafugaji Ngorongoro, alikuwa akigeuza Kiingereza cha Bwana Graham kuwa Kimaasai. Shirika la Bwana Graham ndilo lililomleta kutoka Karatu, kwa mkataba ambao ungekwisha mwezi uliofuata.

Swali la kijiji lilikuwa moja. Je, mashine ya kuchimba kisima itafika kabla ya malisho kwisha? Au ng'ombe wahamishwe sasa kwenda nyanda za juu, mwendo wa siku tatu, wakiwa bado na nguvu za kutembea?

Bwana Graham alijibu kwa tabasamu. Alisema kwamba hawataacha jiwe lolote bila kuligeuza. Alisema kwamba daraja watalivuka watakapolifikia.

Resiato aliijua misemo hiyo tangu chuoni, ambako aliiandika daftarini pamoja na maana zake. Uzito wake hakufundishwa na mtu. Alifundishwa na kiangazi cha mwaka uliopita. Siku moja ya kiangazi hicho Bwana Graham aliahidi kwamba shirika lake litasogeza mbingu na nchi ili maji yapatikane. Kwa Waingereza hayo ni mazungumzo tu. Mtu huyasema hata akitafuta funguo zilizopotea, na maana yake ni kwamba atajaribu. Resiato aliyafasiri neno kwa neno. Lakini hapa kijijini mtu hazitaji mbingu na nchi ovyo. Akizitaja, ameapa. Watu walisikia kiapo, wakasubiri. Mashine haikuja. Seenoi, mjane aliyeketi dawati la mbele, alipoteza ng'ombe kumi na mmoja.

"Leo amesemaje?" Seenoi aliuliza.

"Labda leo anasogeza jua," alidakia Parmuat, mwenyekiti wa kijiji. Watu wakacheka kicheko kikavu.

"Amesema hawataacha jiwe bila kuligeuza, Yeyo," Resiato alimjibu Seenoi, akimwita mama kama ilivyo desturi.

"Mawe tunayo tele. Ayageuze hadi achoke." Seenoi hakucheka. "Mwanangu, usinipe maneno yake. Nipe maana yake. Kama huyu bwana angekuwa anazungumza na mkewe jikoni, angekuwa amesema nini?"

Kanuni ya kazi ya Resiato ilikuwa wazi: mkalimani haongezi wala hapunguzi. Aliikumbuka kanuni hiyo, akaukumbuka na mkataba. Kisha akawatazama watu waliokuwa wakimsubiri.

"Angekuwa amesema hapana," alijibu. "Hakuna mashine msimu huu. Hamisheni ng'ombe."

Hakuna aliyeshangaa, wala aliyeshukuru. Parmuat alichukua fimbo yake na kutoka. Wengine wakamfuata, madawati yakikwaruza sakafu.

Bwana Graham aliuliza wamekwenda wapi.

"Kuwahamisha ng'ombe. Nimewaambia mashine haiji msimu huu."

"Mimi sikusema hivyo."

"Inakuja?"

Bwana Graham aliyatazama madawati matupu. Alifunika kalamu yake taratibu. Alimshukuru Resiato kwa moyo wa dhati kwa miaka yote waliyofanya kazi pamoja, akamwambia kwamba ofisi itawasiliana naye.

Nje, vumbi lilikuwa limeanza kupanda zizini. Seenoi alikuwa mlangoni, kibuyu mkononi.

"Naye sasa amesemaje?"

"Amenifukuza kazi, Yeyo."

"Kwa upole uleule?"

"Uleule."

Seenoi alikitikisa kibuyu, akasikiliza maziwa yaliyobaki ndani, akammiminia yote kikombeni. Hayakujaza hata nusu. Resiato aliyanywa akiwa amesimama, kwa sababu Seenoi alikuwa akikisubiri kikombe ili akifunge na mizigo.