Mfupa Unaoshika Meno

...milimita saba, anasema Daktari Hedlund, daktari wa meno, saba tena, na kijiti chake cha chuma kimezama kwenye ufizi wa Tyra kana kwamba jino halina mwisho, binti yangu wa miaka kumi na sita, nami nimeshika mguu wake, vidole vimejikunja ndani ya soksi ya sufu, ningemleta mapema, lakini mama mkwe alishatoa hukumu, ni peremende za kila Jumamosi, mtoto hapigi mswaki, nami nikawa namsimamia sinkini kama askari jela huku akitema damu... acha nisikilize, daktari anaongea, anasema si uchafu, bakteria ni wachache, tatizo liko kwenye jeni, bakteria wakigusa ufizi seli zinamwaga molekuli za kuita msaada, kwa wengine wito huo hunyamaza, kwa Tyra haukomi, uvimbe hauishi, na seli zilizoitwa kumlinda ndizo zinazosababisha mfupa unaoshika meno uliwe, halafu ananigeukia, "Kuna mtu kwenu aliyepoteza meno akiwa kijana?" Hakuna, nasema upesi, hakuna, theluji inagonga dirisha, hakuna... mama yangu alicheka huku amefunika mdomo kwa kiganja, aling'olewa meno yote kabla ya harusi, alituambia hivyo kila Krismasi, eti siku hizo hapa Umeå, Sweden, ndivyo walivyofanya ili mume asije kusumbuliwa na gharama za meno, tukacheka naye, lakini nani atang'oa meno mazima ya msichana... hayakuwa mazima, yalikuwa yanacheza, mama, yalikuwa yanacheza na wewe uliona aibu, ukaitungia aibu hadithi ya harusi, na mimi je, hilo doa la damu kwenye mto asubuhi, nageuza foronya kabla Per hajaamka, mume wangu mwenyewe, tangu lini namficha... "Mama," Tyra anasema, maneno yanabanwa na vidole vya daktari, "nitakuwa kama bibi?" kumbe ameshafikiri, ameshafika kabla yangu, na daktari anamjibu taratibu kwamba wamewahi, watasafisha kwa kina, mfupa uliobaki unaweza kushika, ila yeye daktari lazima ajue tatizo limetoka wapi, na mdomo wangu una ladha ya chuma, ya damu...

"Nimekosea, daktari. Mama yangu," nasema, "na mimi pia. Ukimaliza naye, nitazame." Tyra ananitazama kwa pembe ya jicho, haondoi mguu, na daktari anaingiza kijiti kwenye jino linalofuata.